Kusoma uhamiaji na mchanganyiko wa tamaduni Uswidi: pa kuanzia na pa kupita

Sajili ya watu ya Uswidi ina safu inayoitwa nchi ya kuzaliwa. Binti wa Kibembe aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wake wakiwa wamekimbia kutoka Fizi, mashariki ya Kongo, akipelekwa Uswidi kwa mgawo wa wakimbizi wa Umoja wa Mataifa, safu yake itaandikwa Tanzania. Mhindi aliyezaliwa Kampala, akafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 na kuishia Trollhättan, safu yake ni Uganda. Kijana wa Temeke aliyejilipua, yaani aliyeomba hifadhi kwa kudanganya asili yake, na kujiita Mrundi, safu yake ni Burundi. Wote watatu wanaongea Kiswahili, na safu haina habari.

Uswidi imekuwa ikihesabu watu wake tangu 1749, na inahesabu vizuri. Ukitaka kusoma uhamiaji huko, iwe kwa shahada ya uzamili, kwa tasnifu au kwa udadisi wako mwenyewe, utakuta takwimu nyingi kuliko unavyoweza kutumia. Shida si uchache wa namba. Shida ni kujua nani yumo ndani ya namba. Mwongozo huu unafuata njia niliyoipitia mimi, pamoja na vichochoro nilivyopotelea.

Hatua ya 1: Chagua chumba, kisha mada

Wengi huanza na kichwa kama "ujumuishaji wa wahamiaji nchini Uswidi". Hicho ni kichwa cha ripoti ya serikali, na serikali ina watu mia wa kuiandika. Wewe uko peke yako na una miezi minne.

Chagua mahali padogo penye mlango. Södertälje, kusini ya Stockholm, kuna Waashuru na Wasiria Wakristo walioanza kufika mwaka 1967, na mji una timu mbili za mpira zilizoanzishwa na wahamiaji hao. Assyriska ilicheza ligi kuu mwaka 2005, Syrianska ikafuata kuanzia 2011. Ukisoma uhasama wa timu hizo mbili utajua mengi kuhusu jina la watu, kanisa na siasa za nchi walizotoka kuliko ukigawa hojaji 200. Trollhättan kuna Makhoja wa Afrika Mashariki waliojenga msikiti wa Kishia mwaka 1985, na wazee wao bado wanachanganya Kigujarati na Kiswahili. Botkyrka, pembeni ya Stockholm, kuna kituo cha tamaduni mchanganyiko, Mångkulturellt centrum, chenye maktaba ya mada hii hii. Malmö kuna soko la Möllevångstorget, ambako utapata bamia, ndizi za kupika na mihogo kabla hujajua kusema "bei gani" kwa Kiswidi.

Chuo cha watu wazima, kikao cha wazazi shuleni, bustani za mboga za kukodi, kikundi cha kwaya: kimoja kinatosha. Nitarudi kwenye chumba nilichochagua mimi.

Hatua ya 2: Soma historia kwa kuanzia na waliotoka

Kosa la kawaida ni kuanza mwaka 2015. Anza na Waswidi wenyewe walipokuwa wahamiaji: kati ya miaka ya 1850 na 1930 watu kama milioni 1.3 waliondoka, wengi kwenda Marekani, kwa njaa, kwa uhaba wa ardhi, na wengine kwa kuchoshwa na kanisa la dola. Kisha wasome waliokuwepo muda mrefu kabla ya wageni wa leo. Wasami wa kaskazini, Watornedali, Waroma, Wayahudi na Wafini wa Uswidi walitambuliwa rasmi kuwa jamii tano za wachache wa taifa mwaka 2000. Anayesema Uswidi ilikuwa nchi ya watu wa aina moja hadi wageni walipoingia, hajafika Kiruna.

Usiruke Uppsala ya 1922, ilipofunguliwa taasisi ya dola ya biolojia ya rangi chini ya Herman Lundborg. Wasami walipimwa mafuvu na kupigwa picha wakiwa uchi. Ukijua hilo utaelewa aibu inayomshika karani wa leo ukimuuliza idadi ya watu "weusi" au ya kabila fulani. Takwimu hizo hazipo: Uswidi haisajili kabila wala rangi. Inasajili ulikozaliwa.

Baada ya Vita vya Pili viwanda vilihitaji mikono. Mwaka 1954 nchi za Nordi zilifungua soko la pamoja la ajira na Wafini wakamiminika. Wakaja Waitaliano, Wayugoslavia, Wagiriki, Waturuki. Mwaka 1967 sheria ikabana: kibali cha kazi kabla ya kufika. Mwaka 1972 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, LO, likataka uingizaji wa wafanyakazi kutoka nje ya Nordi usimame. Wageni wa viwandani wakapungua, wakaanza wakimbizi: Wachile baada ya mapinduzi ya 1973, Wairani na Wairaki, Wasomali, Wabosnia.

Katikati ya hayo kuna mwaka 1975, ambao ningekushauri ukae nao wiki nzima. Bunge lilipitisha sera yenye maneno matatu: usawa, uhuru wa kuchagua, ushirikiano. Uhuru wa kuchagua ulimaanisha mhamiaji ataamua mwenyewe abaki na utamaduni wake kiasi gani. Mwaka uliofuata wasio raia waliokuwa wameishi nchini miaka mitatu wakapiga kura za mitaa. Linganisha na vuli ya 2015, walipofika waomba hifadhi 162,877 kwa mwaka mmoja, ukaguzi wa mipaka ukaanza tarehe 12 Novemba, na Julai 2016 vibali vya muda vikawa kanuni badala ya vya kudumu. Marekebisho ya sheria ya wageni ya 2021 yakakifanya kibali cha muda kuwa cha kawaida. Kati ya 1975 na 2021 kuna tasnifu elfu.

Hatua ya 3: Tengeneza daftari la maneno, kwa lugha mbili

Kiswidi cha ofisini kina maneno yasiyolingana hata kama yanafanana. Utrikes född ni aliyezaliwa nje, na sasa ni kama mtu mmoja kati ya watano nchini. Utländsk bakgrund, "asili ya kigeni", ni aliyezaliwa nje, au aliyezaliwa Uswidi na wazazi wote wawili waliozaliwa nje. Tazama neno "wote". Mtoto wa mama Mzaramo na baba Mswidi, aliyezaliwa Malmö, kwenye takwimu ana asili ya Kiswidi. Binamu yake aliyezaliwa hospitali hiyo hiyo, baba na mama wote wakiwa wametoka Tanzania, ana asili ya kigeni. Shuleni wanaitwa jina moja na wanaulizwa swali moja: "Lakini hasa unatoka wapi?"

Invandrare, mhamiaji, ndilo neno lililosukuma nje utlänning, mtu wa nje, kuanzia miaka ya 1960. Lilipoingia lilikuwa neno la heshima. Leo kuna watu waliozaliwa Göteborg wanaobandikwa neno hilo na hawalitaki. Nyanländ ni aliyewasili karibuni. Utsatt område, "eneo lililo hatarini", ni orodha ya polisi inayotolewa tangu 2015. Ukiitumia kwenye kazi yako, taja ni ya polisi. Usiifanye jina la mtaa.

Upande wa pili wa daftari andika yetu. Mgeni, ambaye kwetu ni wa kukirimiwa na pia asiyejulikana, kwa neno moja. Mlowezi, ambaye ana historia yake. Mzamiaji, aliyezaliwa bandarini na sasa yuko hadi uwanja wa ndege. Mbeba boksi. Kujilipua. Kila neno hapo lina nadharia ndani yake, na hakuna profesa wa Kiswidi atakayekupa. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uswidi ina mpango wa kuwaandaa wakimbizi kwa kazi na lugha ambao kwa kawaida ni miezi 24. Yaani jembe linakuja mwaka wa tatu. Nilimwambia mwalimu wangu hivyo kwa utani, akaniagiza niandike kurasa tano.

Hatua ya 4: Kalenda na pesa

Hapa nitakwenda haraka. Maombi ya uzamili yanapitia tovuti moja ya taifa, universityadmissions.se. Hufunguliwa katikati ya Oktoba na kufungwa katikati ya Januari kwa masomo yanayoanza vuli. Unaruhusiwa programu nne, ukizipanga kwa unavyozitaka. Ada ya maombi ni krona 900 kwa wasio raia wa Umoja wa Ulaya, nchi za EEA au Uswisi. Ada ya masomo kwa kundi hilo ilianza 2011, na masomo ya jamii hucheza karibu na krona laki moja kwa mwaka. Kibali cha ukaazi kina ada yake ya krona 1,500, na utatakiwa kuonyesha akiba ya zaidi ya krona elfu 10 kwa kila mwezi.

Svenska institutet, taasisi ya serikali, hutoa ufadhili kamili wa uzamili, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimekuwemo kwenye orodha miaka ya karibuni. Masharti ni pamoja na uzoefu wa kazi wa saa 3,000. Anza kukusanya barua za waajiri mapema. Kwetu barua ya mwajiri inaweza kuchukua muda kuliko kazi yenyewe. Orodha ya programu zinazokubaliwa hubadilika kila mwaka, kwa hiyo iangalie kabla hujapanga zile nne.

Programu zenyewe: Chuo Kikuu cha Malmö kina somo la uhamiaji wa kimataifa na mahusiano ya kikabila, IMER, na taasisi ya utafiti iitwayo MIM. Chuo Kikuu cha Linköping kina REMESO, iliyoko mji wa Norrköping, yenye uzamili wa masomo ya ukabila na uhamiaji. Kwa harufu tu, Malmö wana sera na mji wenyewe ni maabara. Norrköping wana ukali zaidi kuhusu ubaguzi, kazi na ukoloni. Uppsala kuna Taasisi ya Nordi ya Afrika, iliyoanzishwa 1962, yenye maktaba ambayo ningeihamia kama wangeruhusu.

Kama tayari unaishi Uswidi kwa kibali cha kudumu, hulipi ada. Na usidharau folkhögskola, vile vyuo vya wananchi vya bweni. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi Tanzania, vilivyoanza 1975, Mwalimu Nyerere alivichota huko huko. Leo nusu ya darasa inaweza kuwa watu waliofika juzi, kwa hiyo unajifunza lugha na unakaa ndani ya mada yako kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Kiswidi

Kozi zinafundishwa kwa Kiingereza, na kila mtu atakujibu kwa Kiingereza. Ndiyo maana wengi wanamaliza miaka miwili bila kuelewa tangazo la ngazini. Jifunze hata cha kusoma tu. Sera, kesi za mahakama ya uhamiaji na kumbukumbu za halmashauri ziko kwa Kiswidi.

Hatua ya 6: Omba karatasi

Shirika la takwimu, SCB, lina hifadhidata ya wazi. Utachagua nchi ya kuzaliwa, manispaa, umri, jinsia na mwaka, na jedwali linashuka bure. Migrationsverket, idara ya uhamiaji, nayo hutoa takwimu za maombi na maamuzi kila mwezi.

Lakini hazina yenyewe ni kanuni ya uwazi, iliyotoka kwenye sheria ya uhuru wa uchapishaji ya 1766. Nyaraka za ofisi ya umma ni za umma isipokuwa sheria imezifunga. Unaandika barua pepe, unaomba. Mara ya kwanza nilitaka kujua manispaa moja ina wanafunzi wangapi wanaofundishwa Kiswahili kama lugha ya mama. Nikaandika kama ninavyoandika kwetu: salamu, mimi ni nani, nasoma wapi, msimamizi wangu nani, natanguliza shukrani. Siku ya pili karani akajibu kwa mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa namba. Wa pili ulisema sikuhitaji kueleza mimi ni nani wala naitakia nini, na yeye haruhusiwi kuniuliza. Nilikaa na mstari ule wa pili muda mrefu kuliko ule wa kwanza.

Hatua ya 7: Ingia chumbani

Magorofa mengi ya kupanga hayana mashine ya kufulia ndani ya kila nyumba. Kuna chumba kimoja cha chini, tvättstuga, na ukutani ubao wenye tarehe za mwezi na zamu za saa. Kila mpangaji ana kitasa kidogo chenye namba ya nyumba yake. Unakichomeka kwenye tundu la tarehe na saa uitakayo, unageuza ufunguo, zamu ni yako. Hakuna foleni, hakuna maneno. Ukimaliza unafagia, unatoa nyuzi kwenye kichujio cha mashine ya kukaushia, unazima taa.

Asiyetoa nyuzi huandikiwa karatasi. Haisainiwi. Kwetu pale moja ilisema: "Wewe uliyefua Jumapili jioni: mama yako hafanyi kazi hapa." Chini yake mtu akaandika kitu kwa Kiarabu, mwingine akachora uso unaocheka. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekuwa amefua Jumapili hiyo, alitafsiriwa ile karatasi na mwanawe, akaacha kushuka. Wiki nzima alifulia kwenye beseni la kuogea. "Miye nilizania ni barua ya serikali," aliniambia. Aliyemtoa hofu ni mzee Mfini wa ghorofa ya pili, aliyefika 1969 kufanya kazi Kockums, meli zilipokuwa bado zinaundwa Malmö. Akamwambia, kwa Kiswidi cha polepole, kwamba naye mwaka ule wa kwanza aliwahi kuandikiwa, akadhani atafukuzwa nchini.

Kwenye chumba cha mita ishirini za mraba nilikuwa na historia yote ya Hatua ya 2: Mfini wa soko la 1954, mkimbizi wa mgawo, mwenyeji anayesema kwa karatasi asiloweza kusema kwa mdomo, na jengo lenyewe la ule mpango wa nyumba milioni moja wa 1965 hadi 1974. Ubao wa zamu ulikuwa hojaji bora kuliko zote nilizotunga. Nani anachukua Jumamosi asubuhi? Nani hajui kama anaruhusiwa kuhamisha kitasa?

Namna ya kukaa chumbani: fua. Usisimame na daftari. Andika ukirudi ndani, ndani ya saa moja, maana kesho utakumbuka ulichotaka kukiona. Ukialikwa kahawa na kipande cha mkate wa mdalasini, nenda, na usichomoe simu ya kurekodi siku hiyo. Anayealika kwa kahawa ya saa tisa ataondoka saa tisa na dakika arobaini. Kwa mama wa Uvira utakula, utafungiwa chakula, na mahojiano yataanza ukiwa mlangoni na viatu mguuni.

Chumba cha pili kilikuwa darasa la Kiswahili. Tangu 1977 shule za Uswidi zinafundisha lugha ya nyumbani. Manispaa inalazimika kukiwa na watoto angalau watano na mwalimu anayefaa. Jioni moja mwalimu, mtu wa Tanga, aliandika ubaoni "watoto wanacheza". Msichana wa miaka tisa akanyoosha mkono: "Kwetu ni batoto." Mwalimu akasema hicho si Kiswahili sanifu. Msichana akauliza sanifu ni nchi gani. Kwenye jedwali la manispaa, wote hao ni "Kiswahili: 11".

Hatua ya 8: Linda watu, hasa wa kwenu

Sheria ya kupitia maadili ya utafiti, ya mwaka 2003, haiwagusi wanafunzi wa shahada ya kwanza na uzamili kwenye kazi za masomo. Wa uzamivu inawagusa. Usichukulie hiyo kuwa ruhusa. Kabila, dini na afya ni taarifa nyeti kwa kanuni za data za Ulaya, na msimamizi wako lazima ajue unazihifadhi wapi. Mwaka 2013 ilifichuka kwamba polisi wa Skåne walikuwa na sajili ya Waroma zaidi ya elfu nne, wakiwemo watoto wadogo, walioandikwa kwa sababu ya ukoo. Ukimwuliza Mroma wa Malmö akuchoree ukoo wake kwa ajili ya kozi, kumbuka nani aliuchora kabla yako.

Waswahili tuko wachache. "Mwanamke wa miaka 40 hivi kutoka Pemba, muuguzi, mji wa Växjö" si kuficha jina; ni kumtaja kwa njia ndefu. Badilisha mji, badilisha kazi, changanya watu wawili pale ambapo hoja haiharibiki, na useme kwenye sura ya mbinu kwamba umefanya hivyo.

Na mtu akikusimulia alivyojilipua, zima mashine. Usiandike, hata kwa jina la bandia, hata kama ni hadithi nzuri kuliko zote ulizonazo. Kibali chake kinaweza kufutwa. Tasnifu yako ni waraka wa umma, na sasa unajua kila mtu ana haki ya kuiomba kwa barua pepe bila kusema yeye ni nani.

Hatua ya 9: Andika, kisha usimame mbele ya mpinzani

Weka jedwali la SCB mwanzoni, halafu sura kwa sura onyesha nani yumo ndani yake. Usimalize kila aya kwa kuilaumu serikali wala kwa kuishukuru. Wasomaji wa huko wanalijua pendulo hilo, wamechoka nalo.

Tasnifu za Uswidi hutetewa kwenye semina, na unapewa mwanafunzi mwenzako awe mpinzani. Ameisoma kazi yako mstari kwa mstari na atazungumza kwa sauti ya chini, kwa adabu, akianza na sifa mbili. Usipumue bado. Wangu alisifu lugha, akasifu ramani, kisha akafungua ukurasa wa 14 na kuuliza kwa nini nimeandika "Watanzania" juu ya jedwali la waliozaliwa Tanzania. Mimi, niliyekaa miezi minne nikiandika kuhusu binti wa Nyarugusu. Nilikuwa na wiki mbili za masahihisho, na nyingi ziliishia kwenye kichwa kile kimoja.